Nguvu Inakaa Wapi? Istilahi za Bunduki Kongwe za Upepo

Utangulizi

Mkuza istilahi hachagui uwanja wake. Leo huletewa maneno ya benki, kesho ya uvuvi, keshokutwa ya upasuaji wa mifupa. Katika makala haya tunakusudia kuushughulikia uwanja mdogo ambao huenda wasomaji wengi wakauona uko mbali nao: bunduki za upepo za zamani, zile zinazofanya kazi kwa springi na pistoni, ambazo watu wengi wa Uingereza, Ujerumani na Marekani huzikusanya, huzitengeneza na kuzifurahia.

Tumeuchagua uwanja huu kwa sababu mbili. Kwanza, maneno yake hufika mezani kwa mfasiri bila ya kubisha hodi: mara katika kijitabu cha maelezo, mara katika fomu ya forodha, mara katika kifungu cha sheria. Pili, uwanja huu unadhihirisha vizuri kanuni moja ya kazi yetu, nayo ni kwamba kabla ya kukipa chombo jina, hapana budi tujue kwanza nguvu yake inakaa wapi. Anayekosea hapo hakosei lugha tu. Anaweza kumwambia mtu kwamba chombo ni salama, kumbe kimetegwa na kinangoja kidole.

Upepo au hewa?

Mjadala wa kwanza unahusu jina la jumla. Wapo wanaosema "bunduki ya upepo" na wapo wanaopendelea "bunduki ya hewa". Hoja ya hawa wa pili ni kwamba upepo ni hewa inayokwenda, ilhali hewa iliyofungiwa ndani ya chuma haiendi popote. Kwa hiyo, wanasema, hewa ndilo neno la kisayansi.

Hoja hii ina uzito, lakini inasahau matumizi yaliyokwisha kukaa katika lugha. Fundi wa baiskeli hatii hewa katika mpira, hutia upepo. Gurudumu likilegea tunasema limepungua upepo. Yaani Kiswahili kimelipa neno upepo maana ya pili: hewa iliyobanwa ili ifanye kazi. Bunduki tunayoizungumzia ni ndugu wa pampu ya baiskeli kwa kila hali, na jina "bunduki ya upepo" linaifuata njia ambayo lugha imekwisha kuifungua.

Wala si sisi peke yetu tuliopita njia hiyo. Wajerumani wana majina mawili. Bunduki za kale za aina hii waliziita Windbüchse, na sehemu ya kwanza ya neno hilo ni upepo. Hizi za springi huziita Luftgewehr, na sehemu ya kwanza ni hewa. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba upepo ni neno la mitaani na hewa ni neno la wataalamu atapata taabu kuwaeleza Wajerumani. Pendekezo letu ni kwamba "bunduki ya upepo" libaki kuwa jina la jamii nzima, na neno hewa litumike tunapoeleza kinachobanwa ndani.

Mahali nguvu inapokaa

Jina la jamii nzima, hata hivyo, halitoshi. Chini yake zimo aina mbalimbali, na tofauti yao kubwa ni pale nguvu inapongoja kabla ya kufyatuliwa.

Katika aina ya kwanza nguvu inakaa katika hewa yenyewe, iliyojazwa kabla ndani ya tangi. Mfano maarufu wa kale ni bunduki iliyobuniwa na Bartholomäus Girandoni, ambayo jeshi la Austria lilianza kuitumia mwishoni mwa karne ya 18. Kitako chake kilikuwa tangi la chuma lililojazwa kwa pampu ya mkono. Meriwether Lewis na William Clark, waliposafiri kuvuka bara la Amerika ya Kaskazini kati ya mwaka 1803 na 1806, walichukua bunduki ya upepo na kuionyesha kwa wenyeji waliokutana nao njiani. Aina hii tungependa iitwe bunduki ya upepo ya tangi.

Katika aina ya pili nguvu inakaa katika gesi nyingine, kwa kawaida kaboni dayoksaidi, iliyofungwa katika kichupa kidogo cha chuma. Hii ni bunduki ya gesi.

Katika aina ya tatu, ambayo ndiyo shabaha ya makala haya, hakuna hewa iliyowekwa akiba hata chembe. Kabla ya kufyatua, hewa iliyomo ndani ni hii hii tunayoivuta puani. Nguvu imo katika springi iliyobanwa. Springi ikiachiwa husukuma pistoni, pistoni huibana hewa kwa ghafla, na hewa hiyo ndiyo inayoitoa risasi. Hii tunaiita bunduki ya upepo ya springi.

Mwandishi W. H. B. Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu bunduki za namna hii duniani, aliyapanga maneno gesi, hewa na springi bega kwa bega katika jina la kitabu. Mpangilio huo ni wa mtu aliyekwisha kujiuliza nguvu inakaa wapi.

Tuchukue mfano wa mfasiri aliyepewa kijitabu cha bunduki ya springi naye akadhani ni ya tangi. Atakapofika penye onyo la usalama ataandika: "Hakikisha hewa yote imetoka." Msomaji ataitikisa bunduki, hatasikia hewa ikivuma, naye ataridhika kwamba haina kitu. Lakini springi imebanwa, na mtutu ulioachwa wazi unaweza kurudi kwa kishindo na kumvunja vidole. Onyo sahihi ni hili: "Usiuachie mtutu wala wenzo wakati springi imetegwa." Tofauti ya sentensi hizi mbili si ya ufasaha, ni tofauti ya mkono mzima na mkono uliofungwa bendeji.

Jinsi chombo kinavyofanya kazi

Ili istilahi zieleweke, yafaa tuueleze utaratibu mzima kwa lugha nyepesi. Walimu wa fizikia wanaweza kuutumia darasani bila ya kuwa na bunduki yenyewe. Pampu ya baiskeli yatosha.

Ndani ya mwili wa bunduki kuna silinda ya chuma. Ndani ya silinda kuna pistoni, na nyuma ya pistoni kuna springi ndefu iliyozungushwa kama mmea unaoparamia mti. Mpigaji hutumia wenzo kuirudisha pistoni nyuma. Pistoni ikifika mwisho, kijino cha chuma huikamata na kuizuia. Hapo springi ina nishati ya mkao: imekaa, lakini imekaa kwa hasira.

Mpigaji huweka risasi moja ndogo mwanzoni mwa mtutu, huufunga mtutu, hulenga shabaha, kisha huvuta kifyatulio. Kijino huiachia pistoni, nayo hurushwa mbele. Hewa iliyokuwa imejaa silinda hubanwa katika nafasi ndogo sana na kupata joto kali, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto tukiziba tundu lake kwa kidole gumba. Hewa hiyo hupita katika tundu la kupitishia na kuisukuma risasi mtutuni. Kazi yote hiyo huisha kabla ya mpigaji kupepesa jicho.

Jambo la ajabu katika bunduki hii ni mishtuo yake. Gobore na bunduki za baruti humsukuma mpigaji nyuma mara moja. Bunduki ya springi hushtuka mara mbili: pistoni inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma, na pistoni inaposimamishwa mwisho wa silinda, bunduki husukumwa mbele. Mshtuo huanza wakati risasi bado imo mtutuni. Ndiyo maana wenye uzoefu hawaikamati kwa nguvu. Huilaza kwenye kiganja kilicho wazi na kuiacha icheze kila mara kwa namna ile ile. Aliyezoea bunduki za baruti huiona tabia hii kuwa ya kigeni, na mara nyingi hukosa shabaha mpaka ajifunze upya.

Kadhalika, bunduki hii haipendi kufyatuliwa bila ya risasi. Risasi ikiwemo, hewa hupata kizuizi na kuwa mto wa kuipokea pistoni. Risasi isipokuwemo, pistoni hugonga mwisho wa silinda chuma kwa chuma, na springi au ngozi huharibika.

Kutega, kufyatua na kukunja

Tuje sasa kwenye vitenzi. Kitendo cha kuirudisha pistoni nyuma mpaka ikamatwe huitwa na baadhi ya watu "kukoki". Neno hili limeenea miongoni mwa askari na hatuna ugomvi nalo. Lakini katika uwanja huu lina udhaifu. Bunduki nyingi za mwanzo za Kiingereza zina bilula ndogo ya kupakilia risasi, ambayo huzungushwa kwa vidole kama ya bomba la maji, na bilula hiyo watu wengi huiita koki. Mfasiri atajikuta anaandika "koki bunduki, kisha fungua koki", na msomaji atababaika.

Kiswahili kina jozi ya zamani inayofaa zaidi: kutega na kufyatua. Mtego hutegwa, kisha hufyatuka. Mti uliopindwa hushikwa na kijiti, na mnyama akikigusa kijiti, mti huruka kwa nguvu uliyokuwa umeiweka. Bunduki ya springi ni mtego huo huo uliotengenezwa kwa chuma: springi ni mti uliopindwa, kijino ni kijiti, na kifyatulio ni mguso wa mnyama. Kitenzi kufyatua tumekwisha kukipeleka kwenye bunduki zote. Kilichobaki ni kukiita mwenzake. Tunapendekeza basi "kutega bunduki" au "kutega springi". Faida yake ni kwamba neno lenyewe linaonya. Hakuna mtu anayeuchezea mtego uliotegwa.

Kuna namna tatu kuu za kutega. Katika namna ya kwanza mtutu wenyewe ndio wenzo: hukunjwa chini penye bawaba, ukaivuta pistoni, kisha hurudishwa. Kiingereza huieleza namna hii kwa kitenzi ambacho kwa kawaida tungekifasiri "kuvunja". Mfasiri asithubutu. Mtu akiambiwa "vunja mtutu kabla ya kupakia", atakuwa na haki ya kuuliza bunduki itatumika vipi baada ya hapo. Sisi tuna kisu cha kukunja na kiti cha kukunja; basi tuwe na mtutu wa kukunja. Katika namna ya pili mtutu hautikisiki, na chini yake kuna wenzo wa chini. Katika namna ya tatu wenzo uko ubavuni.

Springi au kamani?

Baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini tumetumia springi, neno la mkopo, ilhali Kiswahili kina neno kamani. Swali hili ni la haki, na hasa kwa kuwa Kiingereza hutumia neno moja tu kwa springi kuu ya saa na springi kuu ya bunduki hii.

Kamani, kwa matumizi yaliyozoeleka, ni ule utepe wa chuma unaojiviringisha ndani ya saa na kuachia nguvu yake kidogo kidogo. Chuma cha bunduki hii ni waya mnene uliozungushwa kama skurubu, nao huiachia nguvu yake yote kwa mpigo mmoja. Umbo ni mbali, na kazi ni mbali. Kwa waya wa namna hii, mafundi wa magari na wenye magodoro wamekwisha kuamua: ni springi. Tunapendekeza kamani ibaki katika saa, na springi ishike mahali pake katika bunduki. Kukopa si aibu pale mkopo unapotusaidia kutenganisha dhana mbili.

Kuna pia tatizo la neno risasi. Katika Kiswahili, risasi ni madini mazito laini, na risasi ni kile kitokacho mtutuni. Kwa muda mrefu maana hizi zilikaa pamoja bila ya ugomvi, kwa sababu kitu cha pili kilitengenezwa kwa cha kwanza. Siku hizi viwanda hutengeneza pia risasi za bunduki za upepo kwa bati na metali nyingine, kwa ajili ya kulinda afya na mazingira. Mfasiri hujikuta anaandika "risasi isiyo na risasi". Ili kuikwepa fumbo hii, tunapendekeza kitokacho katika bunduki ya upepo kiitwe kirisasi, wingi virisasi, na madini yaitwe kwa ukamilifu madini ya risasi. Kirisasi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4.5 au 5.5. Kina kiuno chembamba katikati, na pindo lake la nyuma ni wazi ili hewa ilipanue na kulibana mtutuni. Neno marisawa tusilitumie hapa, kwa kuwa hayo ni yale machembe mengi yanayotoka kwa pamoja.

Kuukuu, ya kale, kongwe

Tukifika kwa wakusanyaji, tunakutana na tatizo la sifa. Bunduki ya miaka themanini tuiite nini? "Kuukuu" na "chakavu" ni maneno ya kudharau: kitu kuukuu kimechoka. "Ya kale" inatupeleka mbali mno, kwenye zama za Girandoni. Pendekezo letu ni "kongwe". Mkongwe ni mzee, lakini ni mzee anayeheshimiwa, na bado anaweza kufanya kazi. Hiyo ndiyo maana wanayoikusudia wakusanyaji: chombo cha zamani ambacho bado kinapiga shabaha.

Ukongwe huu una historia inayojulikana vizuri. Nchini Marekani, Henry Quackenbush wa Herkimer, New York, alikuwa miongoni mwa watengenezaji wa mwanzo katika miaka ya 1870. Huko Michigan, kampuni moja ya kutengeneza vinu vya upepo ilianza mwaka 1888 kutengeneza bunduki za upepo za watoto. Bunduki zikapendwa kuliko vinu, na mwaka 1895 kampuni ikabadili jina lake kuwa Daisy, jina la bunduki yenyewe.

Nchini Uingereza, Lincoln Jeffries wa Birmingham alipata hataza mwaka 1904, na mwaka uliofuata kiwanda cha BSA kilianza kutengeneza bunduki zake zenye mtutu usiotikisika na wenzo wa chini. Watu wengi wamelijua jina la BSA kwa baiskeli na pikipiki, lakini herufi ya katikati na ya mwisho zinasimama kwa maneno yenye maana ya silaha ndogo. Bunduki hizo zilitumika sana katika mashindano ya vilabuni: mpigaji hulenga tundu dogo katika bamba la chuma, na akilipata, kengele iliyo nyuma hulia. Katika mji huo huo Webley & Scott walitoa bastola yao ya upepo mwaka 1924, na baada ya Vita Kuu ya Pili walitengeneza bunduki ya Mark 3 kuanzia mwaka 1947 hadi 1975.

Nchini Ujerumani, kampuni ya Mayer & Grammelspacher wa Rastatt ndiyo iliyoleta jina la Diana. Nembo yake inamwonyesha mungu wa kike wa uwindaji akiitupa pinde na kuinyanyua bunduki ya upepo. Hapa mkusanyaji asiyejua historia huweza kupotea. Baada ya Vita Kuu ya Pili mitambo ya kiwanda hicho na haki ya jina lake vilipelekwa Uingereza, na kampuni ya Milbro ya Uskoti ikatengeneza bunduki zenye jina la Diana. Wajerumani waliporuhusiwa kuanza tena mwaka 1950, bunduki zao ziliuzwa Uingereza kwa jina la Original, hadi walipolipata tena jina lao katika miaka ya 1980. Kwa hiyo bunduki mbili zenye jina moja zinaweza kuwa za nchi mbili, na bunduki mbili zenye majina mawili zinaweza kuwa za kiwanda kimoja. Mkuza istilahi anapoisoma habari hii anajiona yuko nyumbani.

Raha ya kuzihifadhi

Msomaji anaweza kuuliza: raha iko wapi? Iko, kwanza, katika upole wa chombo. Bunduki ya springi hupiga mara moja tu, kisha hudai itegwe upya. Mpigaji halazimiki kununua baruti wala kubeba tangi. Kila pigo linagharimu nguvu ya mkono wake mwenyewe, na kwa hiyo hapigi ovyo.

Pili, raha iko katika kuifungua na kuifahamu. Pistoni nyingi za zamani hazina mpira bali kikombe cha ngozi, kama kilichomo katika pampu za zamani za baiskeli. Ngozi ikikauka, hewa huvuja na kirisasi hutoka kwa unyonge. Matone machache ya mafuta ya kulainishia ngozi huirudishia uhai. Lakini yakizidi, joto la hewa iliyobanwa huyawasha kama katika injini ya dizeli; bunduki hupiga kishindo, hutoa moshi, na springi huumia. Mwenye subira hutia kidogo, husubiri usiku kucha, kisha hujaribu.

Tatu, iko katika kuamua kiasi cha kutengeneza. Hapa pana mgawanyiko kati ya wakusanyaji. Wapo wanaopenda kuing'arisha mpaka ionekane mpya. Wengine husema kwamba rangi nyeusi-buluu iliyofifia na mikwaruzo ya kitako ni ushahidi, na aliyeifuta ameufuta ushahidi. Kwa kawaida soko huwaunga mkono hawa wa pili. Ni vema basi mfasiri atofautishe vitendo vitatu: kuhifadhi, yaani kuzuia uharibifu usiendelee; kukarabati, yaani kukiwezesha chombo kufanya kazi tena; na kufanya upya, yaani kuondoa sura ya zamani na kuweka nyingine. Katika orodha ya mauzo, kuchanganya maneno haya ni sawa na kumdanganya mnunuzi.

Silaha ya moto isiyo na moto

Suala la mwisho ndilo zito kuliko yote kwa watumishi wa serikali. Tumezoea kusema "silaha ya moto" kwa maana ya silaha inayorusha risasi kwa baruti. Bunduki ya upepo haina moto. Je, ni silaha ya moto?

Kwa fizikia, sivyo. Kwa sheria, inategemea. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1968 inatumia neno ambalo ndani yake mna moto, lakini inalifasili kwa mtutu na uwezo wa kuua, si kwa baruti. Nyongeza ya mwaka 2017 iliweka mpaka wa nishati inayozidi jouli 1. Kwa hiyo bunduki nyingi za upepo zimo ndani ya fasili hiyo, ingawa zile ambazo nguvu yake haizidi takriban jouli 16 hazidaiwi leseni ya silaha huko England. Uskoti, kwa upande wake, imedai leseni ya bunduki za upepo tangu tarehe 31 Desemba, 2016. Nchini Ujerumani mpaka ni jouli 7.5, na bunduki zilizo chini yake hupigwa muhuri wa herufi F ndani ya pembetano.

Funzo kwa mfasiri ni kwamba asikitafsiri kifungu kabla ya kuisoma sehemu ya fasili. Sheria ikizijumuisha bunduki za upepo, basi "silaha ya moto" italeta ubishi: wakili wa utetezi atasimama na kusema kwamba mteja wake hakuwa na moto wowote. Ni salama zaidi kuandika "silaha ya mtutu" pale fasili inapotegemea mtutu, na kuitaja bunduki ya upepo kwa jina lake pale inapotajwa. Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, ambapo Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zake. Neno lililokuwa likikosewa katika kijitabu sasa linaweza kukosewa mahakamani.

Istilahi zinazopendekezwa

Bunduki ya upepo: bunduki inayotoa risasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, bila ya baruti.
Bunduki ya upepo ya springi: ile ambayo kabla ya kufyatuliwa nguvu yake imo katika springi.
Bunduki ya upepo ya tangi: ile ambayo nguvu yake imo katika hewa iliyojazwa kabla.
Bunduki kongwe: bunduki ya zamani yenye thamani na inayoweza kutumika.
Kijino: kipande cha chuma kinachoizuia pistoni iliyotegwa.
Kikombe cha ngozi: kizibo cha pistoni kinachozuia hewa isivuje.
Kirisasi: risasi ndogo ya bunduki ya upepo.
Kutega: kuibana springi mpaka pistoni ikamatwe na kijino.
Mshtuo pacha: mwendo wa bunduki kwenda nyuma kisha mbele katika pigo moja.
Mtutu wa kukunja: mtutu wenye bawaba ambao ndio wenzo wa kutegea.
Mwako wa dizeli: kuwaka kwa mafuta yaliyozidi ndani ya silinda.
Tundu la kupitishia: njia ya hewa kutoka silindani kwenda mtutuni.
Wenzo wa chini, wenzo wa ubavuni: nyenzo za kutegea katika bunduki yenye mtutu usiokunjwa.

Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, na walimu, wafasiri na mafundi wanakaribishwa kuzipima kwa kazi. Kinachotakiwa kibaki, hata kama maneno yenyewe yatabadilishwa, ni lile swali la mwanzo. Anayefasiri habari za friji, lifti, breki za lori au mashine ya kupumulia hospitalini atakutana nalo tena: nguvu inakaa wapi, nani anaizuia, na itatoka kwa mlango gani? Akilijibu hilo kwanza, jina halitamhangaisha sana, na onyo atakaloliandika litamfikia anayelihitaji.